"Ataandaa" au "Sharti Aandae"?

Sheria ya Madini iliandikwa kwa Kiingereza, na ndani ya Kiingereza hicho yamo maneno mawili madogo yanayobeba mzigo mzito: "shall" na "may". Kisarufi ni ndugu. Yote mawili ni vitenzi visaidizi, husimama mbele ya kitenzi kikuu, wala hayabadiliki kwa nafsi. Kisheria yametengana kabisa. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kimeweka bayana: mamlaka yakitolewa kwa "may", aliyepewa ana hiari ya kuyatumia au kuyaacha, jukumu likitolewa kwa "shall", sharti litekelezwe.

Tatizo huanza tunapoingia kwenye Kiswahili. Mara nyingi "shall" hugeuzwa kuwa kiambishi -ta-. Lakini -ta- yetu ya kila siku haiamuru. Hutabiri na kuahidi. Mvua itanyesha. Mgombea atachimba kisima. Mkazi wa Geita akisomewa kwamba mwenye leseni "ataandaa mpango", husikia ahadi, na ahadi amezisikia nyingi. "May" nayo huwa "anaweza", neno linalochanganya nguvu na ruhusa.

Kitazameni kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kilichoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2017. Kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, ambao wengi huuita CSR tu, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri. Neno lililotumika ni "shall". Hata hivyo, hudhurieni makabidhiano ya darasa au zahanati: bango limeandikwa "msaada", mgeni rasmi anawashukuru wafadhili, watoto wanaimba. Deni limepokelewa kama sadaka! Na mfadhili hadaiwi. Asipoleta kitu mwakani, mtamuuliza kwa haki ipi?

Tena "shall" ya kifungu hicho haimwangukii mwekezaji peke yake. Halmashauri nayo imetakiwa kuandaa miongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi iliyomo katika maeneo yao. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, hilo ni lenu.

Tangu mwaka 2021, sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Ni hatua niliyoifurahia, ila imempa mfasiri madaraka makubwa kuliko tunavyokiri. Rai yangu ni kwamba -ta- ibaki kuwa ya wakati ujao. Palipo na "shall" tuandike "sharti aandae" au "ni wajibu wake kuandaa". Palipo na "may" tuandike "ana hiari ya".

Wapo watakaosema kwamba hakimu anaielewa vyema -ta- ya kisheria. Naam, anaielewa. Lakini shauri hili halianzii kwa hakimu. Huanzia kwenye mkutano wa kijiji jirani na Bulyanhulu, ambako mwenyekiti asiyesomea sheria anashika karatasi na kuwasomea wenzake kile wanachostahili kudai.