Programu Ijibu Swali la Macaloe

Vita ya Cabo Delgado ilipoanza tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia ndivyo vilivyoshambuliwa kwanza. Julai 2021 majeshi ya Rwanda na ya SADC yaliwasili kuwasaidia wenzao wa Msumbiji, na ngazi za amri zikaongezeka. Hali kama hiyo ndiyo huwafanya wakuu wa ulinzi watafute programu za kompyuta za kuchora muundo wa taasisi: idara, majukumu, kumbukumbu na mitambo, na jinsi kimoja kinavyotegemea kingine.

Sisi tunasema programu hizo zisichaguliwe kwa uzuri wa picha zinazoonyeshwa ukumbini, maana hakuna muuzaji aliyekosa picha nzuri. Muuzaji apewe swali la kisiwa cha Macaloe: mnara wa mawasiliano ukianguka, habari ya mvuvi aliyeona mashua ngeni itamfikia nani, kwa njia gani, na kazi zipi zitasimama? Programu isiyoweza kujibu, au isiyofanya kazi pasipo mtandao, irudishwe.

Tena mchoro unaoonyesha udhaifu wa jeshi ni siri. Ukae katika kompyuta za jeshi lenyewe, si za muuzaji ng'ambo, na uweze kusomwa hata mkataba wake ukiisha. Archi, programu inayotumia kanuni za michoro za ArchiMate, hutolewa bure. Na ijaribiwe kabla ya kutumia fedha za kigeni. Katika kikao cha uamuzi aitwe pia koplo wa redio, kwani yeye ndiye ajuaye taarifa hukwama wapi.