Mwacheni Mtoto Ashike Kijiko

Nalea wajukuu hapa Ngarenaro, Arusha, na jambo moja linaniuma: mtoto wa mwaka mmoja kulazwa mapajani, kubanwa pua na kumiminiwa uji. Anapaliwa, analia, na kesho akiona kikombe anakimbia. Huko si kulisha.

Chakula cha nyongeza huanza mtoto akitimiza miezi 6. Kwenye miezi 9 hivi anaokota kipande cha ndizi mbivu kwa kidole gumba na cha shahada. Akifikisha mwaka, mpe kijiko kidogo. Mjukuu wangu mdogo hukikamata kwa ngumi, hukigeuza njiani, na loshoro, yaani mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, humwagikia kifuani kabla haijafika mdomoni. Mkono wa pili unaokota parachichi. Anashiba. Kwenye miezi 18 wengi huanza kulenga mdomo, ingawa kumwaga bado kupo. Wala kula kwa mkono si aibu, ugali sote tunaula hivyo. Muhimu ni sabuni na kucha fupi.

Wazazi wenzangu, tandikeni mkeka, kaeni naye, mwacheni ale mwenyewe. Ila msimwache peke yake, kwa kuwa kupaliwa hutokea ghafla.