Usugu wa Malaria: Herufi Moja Iliyobadilika Kagera na Maana Yake kwa Mwanza

NYAMAGANA – Meli itokayo Bukoba kupitia Kemondo hutia nanga katika Bandari ya Mwanza Kaskazini, karibu na katikati ya Jiji. Tangu Juni 2025 kuna pia Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lililowaondolea wasafiri wa Geita, Kagera na nchi jirani adha ya kusubiri vivuko. Biashara imerahisishwa, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, damu ya msafiri huweza kubeba vimelea vya malaria, na baadhi ya vimelea vya Kagera vina badiliko ambalo Kanda ya Ziwa haiwezi kulipuuza.

Utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na washirika wake, uliotumia sampuli za mwaka 2021, ulibaini badiliko liitwalo R561H katika jeni ya kelch13 ya kimelea Plasmodium falciparum. Mkoani Kagera lilionekana katika asilimia 7.7 ya sampuli zilizosomwa. Wilayani Karagwe pekee kiwango kilifikia asilimia 22.8. Badiliko hilohilo lilikuwa limeripotiwa nchini Rwanda mwaka 2020.

Vinasaba huandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Herufi tatu hufanya kodoni moja, na kodoni ndiyo huamua ni asidi amino ipi iingie katika mnyororo wa protini. Katika kodoni ya 561 ya jeni hiyo, herufi ya katikati, G, imegeuka kuwa A. Asidi amino iitwayo arginini ikaondoka na nafasi yake ikachukuliwa na histidini.

Badiliko dogo kiasi hicho lina uzito kwa sababu protini ya Kelch13 hukisaidia kimelea kichanga kuingiza ndani yake himoglobini ya damu. Mabaki ya himoglobini iliyosagwa ndiyo huiamsha dawa ya artemisinini. Kimelea kinachokula kidogo huiamsha dawa kidogo, kikapata muda wa kuvumilia. Wataalamu huuita usugu huu wa sehemu: vimelea huchelewa kuisha katika damu, lakini dawa mseto ya ALu bado huponya wagonjwa walio wengi, kwa kuwa lumefantrini iliyomo humalizia kazi.

Matini ya vinasaba vya kimelea hiki, iliyochapishwa mwaka 2002, ina sifa isiyo ya kawaida: takriban herufi nne katika kila tano ni A au T. Ndiyo maana kodoni kama AAT na AAA zimejaa humo, na protini zake zina wingi wa asparajini na lisini. Kwa maandishi yanayoelemea upande huo, G kugeuka A ni kama maji kufuata mteremko. Hapa pana tofauti na historia. Usugu wa klorokwini uliingia Afrika kutoka Asia. R561H ya ukanda huu imechipuka hapahapa, hivyo ukaguzi wa mipakani pekee hautoshi.

Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001 na kuchukua SP, kisha mwaka 2006 ikaamua kuhamia ALu. Miaka mitano tu. Safari hii dalili imeonekana mapema zaidi, na Nyamagana, yenye kituo cha NIMR na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, ni mahali panapofaa kwa kuisoma kodoni hiyo mara kwa mara, badala ya kusubiri dawa ishindwe wodini.

Dozi ya ALu humezwa mara sita kwa siku tatu. Mgonjwa anayeiacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, akamgawia ndugu yake vidonge vilivyosalia, huviachia nafasi ya kuzaliana vile vimelea vinavyochelewa kufa.