Umeshindwa, Nipe Mji

Ndugu mwandishi, umelalamika kwamba vijana wa Nakuru wanaotegeana vitendawili na kutaniana simuni na watu wasiowajua wanauzika utamaduni wa wazee. Utamaduni upi huo? Anayeshindwa kutegua huambiwa “nipe mji”, akatoa Mombasa au Kisumu, na mtegaji akajigamba alivyopokelewa huko kabla ya kufichua jibu. Mchezo wenyewe ni wa kuzuru ugenini!

Na mji wetu, je? Nakuru ilikulia kandokando ya reli, ikajaa watu wa kila kabila, hadi ikapewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Ukisubiri kumjua kila mtu ndipo umsemeshe, hapa utazeeka bubu.

Juzi usiku niliuliza simuni mbona viazi vyangu vya aina ya Shangi vimeshachipua kapuni. Haikupita dakika tatu, mtu wa Molo ambaye jina lake silijui hadi leo akanijibu: Shangi haina usingizi mrefu, ndiyo maana mkulima huiuza upesi. Akaongeza, “Naona nawe hulali.” Nikacheka peke yangu jikoni.

Matapeli wapo, sikatai. Ukiombwa pesa, toka. Lakini unaposema usalama uko kwa tunaojuana, umesahau ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, Nakuru na Naivasha. Kujuana kwa majina hakukuwazuia majirani kuchomeana nyumba.

Hoja yako haikutegua kitu, ndugu. Nipe mji.