Katumba na Nyarugusu: tusitafute sababu kwenye damu

Kwenye mashine za kukoboa mpunga za Luvungi, huku kwetu Kongo katika bonde la Ruzizi, somo la makabila halina likizo. Tukiwa tunasubiri zamu, kila mmoja anageuka mwalimu: Mushi kazaliwa na biashara, Murundi hachoki shambani, Mufuliiru anapenda kesi kuliko jembe. Mimi ni Mufuliiru kwa baba na Mushi kwa mama, kwa hiyo nasifiwa na kutukanwa katika sentensi moja. Nanunua mpunga Lubarika na Kiringye, nakoboa Luvungi, nauza mchele Bukavu, na masomo hayo nimeyazoea kama vumbi la pumba. Lakini siku hizi limeongezeka moja ambalo siwezi kulinyamazia. Wanasema: tazameni Warundi waliokimbilia Tanzania, leo ni wakulima wa tumbaku, wana nyumba za matofali, ni raia kamili. Kisha tazameni Wakongo wetu waliokimbilia Tanzania hiyohiyo, wako kambini mpaka leo wanangoja posho. Basi tatizo ni sisi wenyewe.

Habari ya Warundi ni kweli, na ya Wakongo ni kweli. Uongo umekaa kwenye neno «basi».

Mwishoni mwa Aprili 1972 Burundi iliingia kwenye mauaji makubwa chini ya serikali ya rais Micombero. Wahutu waliopona walikimbia kila upande. Wengine walivuka mto Ruzizi wakaja huku kwetu bondeni, wengi zaidi wakashuka kusini hadi Tanzania. Serikali ya Nyerere haikuwaacha mpakani. Iliwapeleka ndani, kwenye mapori ya Tabora na Mpanda: Ulyankulu mwaka huohuo wa 1972, Katumba mwaka 1973, kisha Mishamo mwaka 1978. Ilikuwa nchi ya mbung'o na wanyama wakali, isiyo na barabara. Lakini familia ilipimiwa shamba la hekta 5 hivi, ikapewa jembe, mbegu na chakula cha kuanzia, ikaambiwa ilime. Walutheri wa shirika la TCRS walisimamia, UNHCR ikatoa fedha. Ilipofika 1985 makazi yale yalikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, kwa sababu watu walikuwa wanajilisha na kubaki na cha kuuza. Mahindi, maharage na mihogo vilitoka Katumba kwenda kulisha wengine. Tumbaku iliuzwa kwa njia ya ushirika, kodi ikalipwa. Mwaka 2008 walipoulizwa warudi Burundi au waombe uraia, karibu wanane katika kila kumi walichagua uraia, na Oktoba 2014 serikali ya Kikwete ikaanza kutoa vyeti kwa watu wapatao 162,000. Sijui nchi nyingine ya Afrika iliyowahi kufanya jambo kama hilo kwa wingi huo.

Hapa Lubarika tunalo jambo ambalo wataalamu wa kwenye mashine hawalitaji. Marehemu baba alikuwa na rafiki, Murundi wa 1972, ambaye sisi watoto tulimwita baba mdogo. Walikimbia ndugu wawili, tumbo moja. Mmoja alivuka mto akaishia hapa, mwingine akashika njia ya kusini akaishia Katumba. Wa hapa alikuwa mkulima ambaye mpaka leo wazee wanamtaja. Alilima mpunga wa mfereji, akalima mihogo, akafyatua matofali kiangazi. Lakini shamba lilikuwa la kukodi msimu kwa msimu. Akishalisafisha na mpunga ukaanza kujaa, mwenye shamba anakumbuka kwamba ana mtoto wa kuoza, na shamba linarudi. Sikumbuki kuona mchikichi wala mwembe ambao yeye aliuita wake. Ndugu yake wa Katumba alikuwa na miembe mizee kuliko watoto wake, na wanawe walisoma kwa fedha ya tumbaku. Kama uchapakazi unatoka kwenye damu, hebu waniambie damu hiyo ilikwenda wapi ilipovuka Ruzizi.

Sasa tuje kwa watu wetu. Oktoba 1996 vita vilishuka bondeni. Wakati huo eneo la Uvira lilikuwa na wakimbizi zaidi ya 200,000, theluthi mbili Warundi na waliobaki Wanyarwanda, kwenye makambi yaliyopangana kando ya barabara, mojawapo hapa Lubarika. Yaliyotokea makambini na vijijini mwezi ule yameandikwa kwenye ripoti ya Umoja wa Mataifa, na makaburi yake tunayajua. Nani hakukimbia? Shangazi yangu alikwenda kwa miguu mpaka Uvira, akashuka pwani ya ziwa, akavuka kwa boti hadi Kigoma akiwa na watoto na sufuria moja. Novemba 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kwa ajili ya watu wa Uvira na Fizi kama yeye. Yumo humo hadi leo.

Shangazi ni mwanamke aliyekuwa analisha nyumba ya watu kumi kwa mihogo yake. Atakayekutana naye Nyarugusu hatakutana na shamba. Atakutana na magunia ya zamani yaliyojazwa udongo, yamesimamishwa ukutani mwa nyumba, na lengalenga, yaani mchicha, zimetoboa pembeni. Hilo ndilo shamba lake. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inamtaka akae kambini, na akienda zaidi ya kilomita 4 bila kibali ni kosa. Kuni ziko mbali kuliko hapo. Wanawake wanakwenda alfajiri, wengine wanakamatwa, na kesho yake wanakwenda tena kwa sababu maharage hayaivi kwa huruma. Soko la kambini likishamiri linaweza kubanwa. Posho nayo inategemea wafadhili: mwaka 2023 ilishushwa mpaka nusu. Kwenye simu shangazi haniulizi habari za siasa. Ananiuliza mfereji umeziba au unatiririka, na nani analima kile kipande cha baba yake.

Siilaumu Tanzania, na Mkongo anayeilaumu anapaswa kwanza kujitazama. Mwaka 1972 ilikuwa na pori tupu na kiongozi aliyeamini kwamba mkimbizi ni mkulima mwenzake. Mwaka 1994 ilipokea Wanyarwanda kama 250,000 ndani ya saa 24 pale Ngara. Kisha wakaja Warundi wengine, kisha sisi. Mwenye nyumba alichoka. Ninachosema ni kwamba Warundi wa Katumba walibisha hodi kabla ya uchovu na shangazi alibisha baada yake, na miaka ishirini na minne katikati haina uhusiano wowote na kabila la mtu.

Anayebisha aende Nyarugusu yenyewe. Mwaka 2015, rais Nkurunziza wa Burundi alipong'ang'ania muhula wa tatu, Warundi walikimbia tena, na maelfu wakawekwa Nyarugusu pamoja na Wakongo. Wengine wakapelekwa kambi za Nduta na Mtendeli. Ni Warundi haohao wanaosifiwa Luvungi kwamba hawachoki. Wengine ni jamaa za watu wa Katumba. Je, wamejenga nyumba za matofali? Wana hekta 5? Wanapanga foleni ileile ya posho, nyuma au mbele ya shangazi yangu, na wanakamatwa kwenye kuni zilezile. Kwangu mimi mjadala ungeweza kuishia hapo, maana ni jamii moja iliyopokelewa mara mbili katika nchi ileile kwa sheria mbili, ikapata maisha mawili.

Upande wa pili nao upo. Wakongo waliopelekwa Uganda walikuta sheria ya 2006 inayomruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na kwenye makazi kama Nakivale na Kyaka II familia inapewa kipande cha ardhi, ingawa vipande hivyo vimekuwa vinapungua kila wageni wanapoongezeka. Kampala, vitenge vimebebwa mabegani na Wakongo nyumba kwa nyumba hadi vikawa kazi yao inayojulikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2014 kwamba mkimbizi mmoja kati ya watano jijini humo ana biashara iliyoajiri watu, na kati ya walioajiriwa, 4 kati ya 10 ni raia wa Uganda. Wakongo wamo kati ya hao. Sasa ni Wakongo wapi? Ni walewale wavivu.

Na kuna waliotoka Nyarugusu kwenda Marekani. Mwaka wa bajeti wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka huo. Binti wa shangazi ni mmojawapo. Miaka yote kambini alikuwa «mtu wa posho». Alipofika Iowa, ndani ya miezi michache alikuwa kwenye kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, amesimama kwenye baridi anakata nguruwe. Hakubadilisha kabila kwenye ndege.

Nakubali kwamba ardhi na karatasi havielezi kila kitu. Mtafiti Liisa Malkki, kwenye kitabu chake cha mwaka 1995, aliwalinganisha Warundi wa Mishamo na wenzao waliojificha mjini Kigoma. Wa Mishamo walikuwa wameshikamana na Uhutu wao na habari za kurudi nyumbani, wa mjini walioa huku na huko, wakafanya biashara, wakaacha kujitangaza. Kwa hiyo mahali panambadilisha mtu hata moyoni. Pia yapo mambo yetu ambayo sitayatetea: Mkongo anaweza kutumia fedha ya mbegu kwenye suti ya arusi, na hilo si la kusingiziwa. Ila Murundi wa Katumba naye ana arusi.

Hata Katumba yenyewe inatufundisha. Kati ya mwaka 2010 na 2014 watu wale waliambiwa kwamba uraia unakuja, lakini kwa sharti la kuhama na kutawanywa mikoa mingine. Karibu miaka minne hawakujua kama watalala palepale mwaka unaofuata. Wakaacha kukarabati nyumba na kupanda miti, shule na barabara zikadorora. Wakulima haohao hodari walikaa mikono kifuani, mpaka walipoambiwa kwamba wanaweza kubaki. Nani atapanda mwembe ambao utaliwa na mtu mwingine?

Nayaandika haya kwa ajili ya bonde hili, si kwa ajili ya Tanzania. Sisi wenyewe ni wageni wa hapa kwa namna moja au nyingine. Wakati wa Wabelgiji bonde la Ruzizi lilifunguliwa kwa pamba, INEAC, taasisi yao ya utafiti wa kilimo, ikaweka kituo chake hapa Lubarika, na watu wakateremka kutoka milimani na kutoka Ngweshe na Kabare kufuata mashamba. Mama yangu ni mjukuu wa mmoja wao. Kwa Washi kuna kalinzi, ambapo unatoa ng'ombe au mbuzi mbele ya mwenye nchi, na shamba linakuwa lako na la watoto wako. Na kuna bwasa, ambayo ni ya msimu, na miti ya kudumu huruhusiwi kupanda. Waliofika mapema walipata ardhi ya kudumu. Waliochelewa, yaani Warundi waliokimbia mwaka 1972 na 1993, na ndugu zetu waliohamishwa na vita vya milimani, wamebaki kwenye msimu. Halafu tunasimama kwenye mashine na kusema hawa wana akili ya maendeleo na hawa hawana.

Mimi ni mchuuzi, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya mizani. Mpunga ninaonunua kwa mwenye shamba la kudumu na ule ninaonunua kwa anayekodi si sawa. Wa kwanza ametengeneza matuta na kusafisha mfereji wake mpaka mwisho, na mbegu yake haijachanganyika. Wa pili anachimba mfereji wa kutosha msimu mmoja tu, na ana haki. Gunia lake linakuwa jepesi, mimi namlipa kidogo, na wenzangu wanamwita mvivu. Hasara ni ya bonde zima.

Februari 2025 watu wetu, wakikimbia vita, walivuka Ruzizi kwa makumi ya maelfu wakaenda Cibitoke, Burundi, wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Wengi baadaye walipelekwa mbali, hadi Musenyi, mkoa wa Rutana. Warundi wanaosema kwamba Wakongo ni watu wa makelele watakuwa na muda wa kutosha kupima kama ni kweli, iwapo watawapa shamba. Na wa kwetu wakirudi, wengi watakuta vipande vyao vimelimwa na wengine, wataanza upya kwa kukodi.

Ndiyo maana nawaomba wenye mashamba wa Lubarika, Luvungi na Sange, na mashefu wa grupma, yaani wa vijiji kadhaa pamoja, wanaoshika mihuri: anayekodi, awe Murundi, Mushi au mhamiaji wa vita, mwandikieni miaka mitano kwenye karatasi, mbele ya mashahidi, bei ikiwa imetajwa na ruhusa ya kupanda miti ikiwa imo. Mwami, mkuu wetu wa jadi, akubali kwamba karatasi hiyo haivunjwi kwa sababu mpunga umekuwa mzuri. Baada ya miaka hiyo mitano ndipo tukutane kwenye mashine tujadili nani mvivu.