Butura si Ulevi wa Mtu Mmoja

Huku Karagwe na Kyerwa mkulima akiuza kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini, yaani butura, wengi wetu tunasema: mvivu, mlevi. Mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, katika kitabu chake cha 1959 alitenganisha shida ya mtu binafsi na suala la jamii. Akiuza mmoja, tumchunguze yeye. Wakiuza wengi, miezi ileile, tuchunguze kalenda: sare na madaftari vinatakiwa Januari, mavuno huanza karibu Mei, na mwenye fedha taslimu kijijini mara nyingi ni mnunuzi huyohuyo. (Walevi wapo, hatukatai.) Sisi tunaojiandaa kuhubiri tusikimbilie kumgombeza mkulima mimbarini. Kwanza tumwulize deni lilianzia wapi, na nani mwingine angemkopesha.