Kila Kazi na Chumba Chake

Mtunza ghala wa kambi ya Juba hachanganyi risasi na unga. Kila kitu kina chumba chake, na kila chumba kina mlango wake. Kijana anayetunga programu ya kompyuta hana budi kufuata utaratibu huo huo.

Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya, kilianza kutunza habari za wagonjwa kwa kompyuta. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka, mfumo huo ulielemewa. Hivyo mwaka 2004 wataalamu walianza kutunga mwingine, OpenMRS, uliowekwa Eldoret mwaka 2006. Kiini chake huhifadhi mambo ya msingi: mgonjwa, mahudhurio yake na vipimo vyake. Kazi nyingine hukaa katika moduli, yaani vyumba vya pembeni, ambavyo hospitali huongeza au huondoa pasipo kubomoa kiini.

Asiyegawa vyumba hurekebisha fomu ya dawa, akaharibu orodha ya chanjo za watoto. Basi vyumba vigawanywe mapema, programu ingali ndogo. Samaki mkunje angali mbichi.